Nilivyoachwa Doha Kuwa Dhamana

Ulaya yangu ya kwanza ilinuka maji yenye dawa, bisi za siagi na udi wa akina mama waliopita wakiburuta mabuibui. Ilikuwa ndani ya jumba moja la maduka hapa Doha, lenye mfereji wa bandia, mashua za shingo ndefu, na dari iliyopakwa rangi ya anga yenye mawingu yasiyosogea. Nje joto lilikuwa la kuyeyusha soli, kwa hiyo humo ndimo baba alimoamua tufanyie mazoezi ya safari. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko hapa, baada ya ibada ya kanisani tuliuzunguka mfereji ule, baba mbele na simu yenye ramani, mama nyuma na mkoba, mimi katikati nimevaa mabuti ya baridi niliyonunuliwa mapema ili miguu iyazoee. "Neema, huko Ulaya hakuna wa kukubeba," baba alisema kila nilipopunguza mwendo. Nilikuwa na miaka sita. Nilitembea.

Tuliishi Abu Hamour, ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Baba alitunza kompyuta za kampuni moja, mama alikuwa muuguzi. Kila mwaka likizo ilimaanisha kwenda kwetu Kakamega, Kenya, na masanduku yaliyojaa zawadi za watu ambao hawakuridhika nazo, na mwaka ule wazazi wangu wakasema imetosha, safari hii tunaenda Roma, Venisi na Paris, kwa treni. Nawaelewa. Hata leo nikiwa nimekasirika nawaelewa. Lakini wakati wa kupanga, mezani, kila jambo lilipokaribia kukaa sawa mmoja wao aliuliza, "Na mtoto?" Treni inaondoka alfajiri, na mtoto? Hoteli ina ngazi nyingi, na mtoto? Foleni ya kanisa kubwa ni ndefu, na mtoto? Nilikuwa pale pale, nikila wali. Nikaanza kujisikia kama sanduku ambalo gurudumu lake limevunjika, na nikaamua kulitengeneza mwenyewe. Niliacha maziwa ya usiku kwa sababu hotelini huenda yasiwepo. Nilijifunza kubana mkojo. Nilikula mkate baridi bila chai, nikitabasamu, ili waone. Hakuna mtihani wa chuo kikuu niliousomea kwa bidii kama ile, na nilifaulu. Mama mwenyewe alisema, "Huyu sasa yuko tayari kuliko sisi."

Kisha akaja Anko Wekesa. Hakuwa ndugu yetu, alikuwa rafiki wa baba wa kanisani, dereva wa hoteli, na kwa kuwa alibeba wageni kutoka kila pembe ya dunia, Wakenya wenzake walimwona mtaalamu wa mambo ya visa. Alikuja Ijumaa moja jioni, akala chapati zetu, akaambiwa habari za safari, akaacha kutafuna.

"Mnapeleka maombi ya watu watatu? Nyinyi mnataka kunyimwa na kuchekwa juu yake."

"Kwani kuna nini, Wekesa?" baba akauliza.

"Boss, fikiria. Baba, mama, mtoto, pasipoti zote za Kenya. Wataona mnahama, mmekwisha. Wacheni huyu hapa. Mtoto akibaki Doha, hiyo ndiyo dhamana yenu kwamba mtarudi."

Baba akanitazama, akacheka. "Huyu? Si watasema ndiye tunayemtoroka!"

Wote wakacheka, mama akiwa wa mwisho. Nami nikacheka, kwa sababu nilidhani mzaha ukichekwa na kila mtu unaisha. Haukuisha. Ushauri ule ulikuwa ukizunguka miongoni mwa Wakenya wa hapa kama dawa ya kienyeji. Kila mtu alimjua mtu aliyemwacha mtoto na kupata visa, na hakuna aliyekuwa ameusoma popote. Baba, mtu wa kompyuta, mtu aliyesoma maelezo ya jokofu mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kuliwasha, hakuuliza pengine. Jina langu likaondolewa kwenye maombi. Niliambiwa nikiwa naogeshwa, macho yakiwa na sabuni. "Ni wiki chache tu, mama," mama alisema, akiniita mama kama alivyofanya kila alipojua ana makosa. "Tutakuletea zawadi." Visa ikatoka. Hapo ushauri wa Anko Wekesa ukawa sheria, na mimi nikawa mfano wa kutolewa kwa wengine.

Walinipeleka Al Wakrah kwa Mama Shiru, muuguzi mwenzake mama, ambaye binti yake Shiru alikuwa mkubwa kuliko mimi na alinionyesha mara moja upande wa kitanda nisioruhusiwa kuugusa. Sitamsema vibaya Mama Shiru. Alinilisha, alinisuka, hakunipigia kelele. Lakini siku moja nikiwa namtazama akikata sukuma wiki nilimuuliza, dhamana ni nini? Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ni kitu unachokiacha ili watu wajue utarudi. Kama ukiazima baiskeli ya mtu, unamwachia kitambulisho chako."

"Na usiporudi?"

"Basi kinabaki."

Akaendelea kukata. Hakujua alichosema, na mimi sikujua namna ya kuuliza zaidi. Nilienda kulala na viatu. Nilianza kufanya hesabu za kitoto ambazo sijaziacha mpaka leo: treni ikianguka nitabaki, wakipapenda Ulaya nitabaki, wakipata mtoto mwingine hukohuko anayejua kutembea vizuri nitabaki. Walipopiga simu ya video kutoka Venisi, mama alielekeza kamera majini, akapaza sauti, "Neema, ona! Kumbe ni kama ile yetu ya Doha, ila hii inanuka!" Baba akacheka nyuma yake. Niliangalia miguu yangu. Shiru alininyang'anya simu akaongea nao yeye, akauliza maswali yote niliyopaswa kuuliza mimi.

Waliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu. Sikukimbia. Niliwapa mkono, mmoja baada ya mwingine, nikasema, "Karibuni." Hiki ndicho kisa ambacho wazazi wangu wamekisimulia kwenye kila sherehe tangu wakati huo: "Alitusalimia kwa mkono kama chifu!" Watu hushika mbavu. Muhula ulipofunguliwa, Patience, Mganda niliyeketi naye darasani, alisimulia jinsi yeye, wazazi wake na kaka yake mchanga walivyopanda mnara huko Paris. Wote wanne, pasipoti za Uganda. Niliwaambia nyumbani wakati wa chakula. Baba akasema labda walikuwa na bahati, akaomba chumvi.

Nimemaliza chuo, nimerudi Doha, nafanya kazi ofisini na kupanga chumba Muaither. Mimi ni yule mtu anayefika uwanja wa ndege kabla kaunta haijafunguliwa, anayesoma ujumbe wa "sawa" akitafuta kilichofichwa ndani yake. Shiru naye ameolewa, ana mvulana wa miaka minne, na majuzi aliniita kwake nimsaidie kupanga likizo: Roma, Barselona, Paris. Tulikuwa tumefika kwenye maombi ya visa mumewe aliposema, kwa upole kabisa, "Ila tumesikia ni heri mtoto abaki. Inasaidia." Chini ya meza kigari cha plastiki kilichokuwa kikisuguliwa sakafuni kikanyamaza.

"Nani amewaambia?" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko sebule ile.

"Watu tu," akasema. "Kwani uongo?"

"Anakusikia," nikamwambia. "Yuko hapo chini, anakusikia."

Shiru alianza kucheka, nikajua anaelekea kwenye kile kisa cha chifu, kisha akaniangalia usoni akaacha. Akainama akamtoa mwanawe, akampakata. Maombi tumeyapeleka ya watu watatu, na majibu bado.

Nilimpigia mama simu kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Bado tu una hiyo hasira, Neema? Tungekuchukua tungenyimwa."

Huenda. Sijui, na hata yeye hajui. Lakini basi tungenyimwa wote watatu. Tungekaa Abu Hamour na joto lile, baba akaenda kununua kuku wa kuchoma, tukala kwa mikono na kuwalaani watu wa visa kwa sauti moja.