Gunia Nyuma ya Mlango

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msinihurumie. Huruma yenu haina kazi kwangu, nataka masikio. Wengine mna watoto, wengine mna midomo mirefu juu ya watoto wa wenzenu. Nasema na wote.

Mdogo wangu, tumbo moja, aliolewa Chinongwe. Mimi nilikuwa Malolo. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na kila mwezi muuguzi alikuja kupima watoto kwenye ghala la kijiji. Mzani unaning'inia kwenye boriti, mtoto anatiwa, analia, mama anaambiwa ampe chakula gani. Ushauri ulikuwa bila malipo. Anayefika anasikia, asiyefika hasikii.

Msimu wa kung'oa karanga nikaenda kumsaidia. Nikamkuta mtoto wake wa kwanza kakaa kwenye mkeka, hachezi. Miguu imevimba inang'aa, nywele zimepauka, mashavu yamejaa ukadhani ameshiba.

"Anaumwa nini huyu?"

Mama mkwe wake hakuinua uso kwenye ungo. "Muulize mdogo wako. Yeye na mumewe wanajua walichokifanya."

Nikaelewa. Kwetu, wazazi wakirudiana kitandani mtoto angali ananyonya, kisha mtoto akadhoofu, husemwa amebemendwa: wamemharibu kwa tamaa zao. Na mdogo wangu alikuwa na mimba changa. Alishamwachisha ziwa, anampa uji wa muhogo, mtupu. Kiunoni mtoto kafungwa dawa ya bibi yake, yenye mwiko: asionje karanga wala yai.

"Kliniki umempeleka?"

"Dada, nipite na mtoto mwenye miguu hii mbele ya wanawake wote wale? Kisimani tu walinicheka. Mmoja akasema, 'Jamani, wengine hata mtoto asimame hawawezi kungoja!' Mwache apone kwanza, ndiyo nimpeleke akapimwe."

Apone kwanza! Nikamfunga mtoto mgongoni mwangu.

"Unakwenda kututangaza," mama mkwe akasema.

"Mama, nakwenda. Atakayetangaza na atangaze."

Mimi na mdogo wangu tukapata lori la mazao mpaka hospitali, Nachingwea. Muuguzi akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale.

"Nyumbani mnalima nini, mama?"

"Muhogo, mtama. Karanga."

"Karanga mnazo sasa hivi?"

"Gunia zima, liko nyuma ya mlango."

"Na mtoto anakula?"

Mdogo wangu akanitazama mimi. "Anakunywa uji."

Muuguzi akavuta kiti, akakaa. "Mimba yako haijamharibu mtoto, sikia. Amekosa chakula cha kujenga mwili. Karanga zikaangwe, zipondwe laini, zitiwe kwenye uji wake."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

Walimnywesha maziwa kwa kijiko. Akayapokea, hata akamshika mama yake kidole, tukaanza kutumaini. Kisha akayakataa. Alikufa asubuhi, kijiko kikiwa bado mkononi mwa mama yake.

Msibani wanawake walewale wa kisimani walikuja kutupikia. Wakafungua gunia lile, wakatwanga, wakaunga kisamvu kwa karanga, watu wote wakala wakashiba. Mama mkwe alilia kuliko sisi. Simsemi vibaya, naye hakuna aliyewahi kumwambia. Mdogo wangu aliwekewa sahani mbele yake. Akaitazama mpaka ikapoa.

"Hivyo tu, dada?"

Nikaiondoa ile sahani mbele yake.

Niliporudi Malolo niliwaita wa nyumbani kwangu wote, na mume wangu akiwamo. Nikawaambia: "Katika nyumba hii, mtoto akivimba miguu, asiulizwe mama yake amelala na nani. Mfungeni mgongoni, mpitisheni katikati ya watu, kliniki. Na gunia la karanga lisifungwe mdomo mpaka uji wa mtoto umetiwa."