Macho Meupe ya Chatu wa Baba

Nisameheni kwa mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la tano na mkono wangu ni mzito.

Juzi sokoni Nakasero nilimwona mganga ana nyoka mwenye macho meupe kama maziwa. Nikamwuliza kwa aibu kama amepofuka. Akacheka. "Anajivua gamba tu, kijana. Ngoja wiki moja."

Nilirudi nyumbani nikimwaza chatu wa baba. Zamani, nikiwa mtoto, askari walipomchukua baba dukani kwetu Old Kampala, aliniambia, "Mtunze chatu wangu mpaka nirudi." Chatu yule mdogo alikuwa akila panya wa stoo. Siku chache baadaye akakataa panya, macho yakawa meupe. Nilidhani anamlilia baba, na kwamba akifa yeye, baba naye hatarudi.

Alasiri moja nyumba ilinukia zafarani. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa amemwandikia mama kombe, aya za wino wa zafarani kwenye sahani zilizooshwa kwa maji, anywe atulie moyo. Niliiba maji yale nikammwagia chatu machoni. Akanirukia mkono.

"Mama, hanijui tena!"

Mama hata hakunipiga. "Sina nguvu ya kulia misiba miwili, mwanangu. Mpeleke bondeni."

Nilimwacha kwenye mafunjo akiwa haoni.

Baba hajarudi mpaka leo. Wewe unayesoma, kama umemwona mahali mtu mrefu mwenye kovu la meno ya chatu kwenye kidole gumba, tafadhali niandikie. Nataka kumwomba radhi.