Mkamwana Kwenye Mlango wa Dharura

Ikupa alizaliwa Suma, katika nyumba iliyozungukwa na chai pande tatu na migomba upande wa nne. Alisoma hadi kidato cha sita, akaolewa Masoko na Godwin, mwalimu wa shule ya msingi, wakapata mtoto wa kike, Tulia. Mpaka hapo maisha yake hayakutofautiana sana na ya wanawake wengi wa Rungwe. Tofauti ilianza siku shirika moja la ndege la Dar es Salaam lilipompigia simu kumwambia kwamba amechaguliwa kujifunza kazi ya uhudumu wa ndani ya ndege.

Nyumbani kwa wakwe zake habari hiyo ilipokelewa kwa maswali. Baba yake Godwin, mzee Anyosisye, ni mtu anayeshika miiko. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hazungumzi naye, wala hakai naye mahali pamoja. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, hasa huku mjini Makandana, ambako watu wanapanga vyumba na korido ni moja. Mzee Anyosisye hakulegeza. Alipokuwa anarudi kutoka kwenye shamba lake la kahawa alikohoa akiwa bado mbali, na Ikupa akisikia alijitanda kanga, akajitenga kwenye migomba mpaka mzee apite. Ujumbe wao ulipita kwa mama mkwe au kwa Godwin. Ugomvi haukuwapo kabisa. Ilikuwa heshima, na kila mmoja aliitunza upande wake. Ikupa alijivunia kwamba tangu aolewe hajakosea hata mara moja.

Kwenye usaili alikuwa ameulizwa kama kuna jambo lolote, la dini, la kabila au la familia, litakalomzuia kumhudumia abiria yeyote. Alijibu kwamba hakuna. Alijibu kwa moyo mweupe, maana baba mkwe wake alikuwa mtu wa kusafiri kwa mabasi, si kwa ndege.

Mafunzo yalipofika katikati alipewa likizo fupi, akaja Masoko kumwona mtoto. Hakupumzika. Alipanga mabenchi mawili barazani, akaacha nafasi ya kupita, akamkalisha mama mkwe wake, Tulinagwe, kwenye benchi la mbele.

"Hapa nilipo ni njia ya katikati," alisema. "Wewe mama ni abiria. Funga mkanda."

Mama Tulinagwe alikaza kanga kiunoni. "Nimefunga. Chai iko wapi?"

"Chai ni baada ya ndege kupaa. Sasa hivi toroli limefungwa jikoni."

"Ndege ina jiko?"

"Inayo, mbele na nyuma. Ila hatupiki, tunapasha tu."

"Na kuni mnaweka wapi?"

"Mama!"

"Si nauliza? Haya, na choo?"

"Kimoja mbele, viwili nyuma."

"Huko mbele kwa dereva?"

"Rubani, mama."

"Rubani, dereva, pua ni pua. Atavumiliaje?"

Majirani waliokuwa uani walicheka mpaka Tulia akaamka. Lakini walibaki wakasikiliza, na ndiyo maana mpaka leo wapo wanawake wa Masoko wanaoweza kukueleza kwamba mwili wa ndege huitwa kiwiliwili, na kwamba mhudumu hakai kiti cha abiria bali kiti cha kukunja kilichobanwa ukutani karibu na mlango. Wanajua pia habari ya mtelezo. Huo ni mpira mkubwa uliokunjwa ndani ya mlango. Kabla ya safari wahudumu huuweka mlango tayari, ili ukifunguliwa kwa dharura mtelezo ujae upepo na watu wateremkie hapo. Wakishafika salama huuondoa katika hali hiyo, kila mhudumu akimkagua mwenzake, la sivyo mtu atafungua mlango apokelewe na mpira wa kumwangusha.

"Na hii milango midogo ya juu ya mabawa," Ikupa aliwaambia, "haina mhudumu wa kukaa karibu nayo. Anayeifungua ni abiria aliyekaa hapo. Kwa hiyo kabla ndege haijaondoka, mhudumu lazima amweleze kila mmoja wa safu hiyo, na kila mmoja ajibu kwa kinywa chake kwamba ameelewa na yuko tayari kusaidia. Akikataa kujibu, anahamishwa."

Likizo iliisha, akarudi Dar es Salaam. Alifaulu mitihani ya darasani, akafaulu kuogelea, akafaulu kuzima moto. Ikabaki safari moja ya ukaguzi, ya kwenda uwanja wa Songwe, ulio karibu na kwao Rungwe, na kurudi, ambapo mkufunzi angemtazama akifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Akifaulu angepewa beji ya mabawa pamoja na mkataba. Akishindwa, mafunzo yote yangeishia hapo, angerudi Masoko kama alivyoondoka.

Mkufunzi mwenyewe alikuwa Madam Loyce, mwanamke wa Bukoba, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko kelele. Safari ya kwenda haikuwa na tatizo. Walitua Songwe asubuhi, abiria wakateremka, wakaanza kuingia wengine. Ikupa alipangiwa kusimama katikati ya ndege, usawa wa mabawa.

Ndipo alipoona kofia. Ni kofia ya kahawia ambayo mzee Anyosisye huvaa kwenda kanisani, nayo ilikuwa inakuja kwenye njia ya katikati, juu ya koti la suti. Binti yake mdogo, Atupele, alikuwa anahitimu uuguzi Dar es Salaam, na watoto wake wakubwa walimkatia tiketi kwa haraka ili awahi mahafali. Hakuna aliyejua kwamba Ikupa angekuwa kwenye ndege ile.

Mzee naye alimwona. Akasimama palepale, akageuza uso.

"Mzee, songa basi!" kijana mmoja alisema nyuma yake. "Tunabanana huku."

Njia ilikuwa moja, na migomba haikuwapo. Ikupa aliingia katikati ya viti, akampa mgongo, akajifanya anapanga mizigo kwenye kabati la juu. Kwa mtu asiyejua ilionekana ni mhudumu anayewapisha abiria. Mzee akapita, akatafuta namba ya kiti chake, akakaa dirishani. Ikupa alipogeuka alikuta kiti chenyewe ni cha safu ya mlango wa dharura.

Safu mbili nyuma ya mzee alikaa Winfrida, muuza vitenge wa Makandana anayeifahamu familia ile vizuri, na ndiye aliyetusimulia mengi ya haya. Anasema alishika mdomo.

Ikupa alikwenda kwenye safu ile. Madam Loyce alimfuata, akasimama hatua chache nyuma yake. Ikupa akamwangalia kijana aliyekaa kando ya mzee, akayasema maneno yote kwa kijana: umekaa kwenye mlango wa dharura, unafunguliwa hivi, unafunguliwa kwa amri tu. Uko tayari kusaidia?

"Niko tayari, dada," kijana alijibu.

Mzee alikuwa anatazama bawa.

"Wa dirishani hajajibu," Madam Loyce alisema kwa ile sauti yake.

Winfrida hakuvumilia. "Jamani, mhamisheni tu mzee wa watu. Msimtie mama Tulia majaribuni."

Hilo lingewezekana. Lakini kumhamisha kulimaanisha kutangaza mbele ya watu wa nyumbani kwamba mzee Anyosisye hafai kukaa pale, ameshindwa kujibu kama mtu asiye na akili timamu. Isitoshe, atakayemhamisha ni mkamwana wake. Kuomba mhudumu mwingine aje kuongea badala yake kulimaanisha kwamba lile jibu la kwenye usaili halikuwa kweli. Na kukaa kimya kulimaanisha ndege kuondoka ikiwa na mlango ambao mtu wa karibu nao hajui la kufanya. Ikupa amesema baadaye kwamba hilo la mwisho ndilo lililomwamua. Mengine yote yalikuwa ya kwake na ya mzee. Mlango ulikuwa wa watu wote.

Alichuchumaa kwenye njia ya katikati, magoti yakikaribia sakafu, kama mwanamke wa kwetu anavyomwamkia mkubwa.

"Mugonile, tata," alisema. Umelala salama, baba.

Abiria wa safu zile za katikati waligeuka kutazama.

"Naomba ruhusa yako," aliendelea kwa Kiswahili. "Humu ndani mimi ni mhudumu, na maneno haya ni lazima uyasikie kutoka kwangu."

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini. Uso haukugeuka. "Sema."

Ikupa akayasema yote upya, kwa utaratibu, bila kuruka neno.

"Mlango huu una uzito gani?" mzee aliuliza, bado akiongea na dirisha.

"Karibu debe la maji, tata."

"Nikishauachia unakwenda wapi?"

"Unautupa nje, mbali na njia. Kisha unatoka juu ya bawa, mguu kwanza."

"Na kama nje kuna moto?"

"Usifungue. Unaangalia nje kwanza. Ukiona moto, waelekeze watu mlango mwingine."

Mzee alifikiri. "Nani anasema fungua?"

"Mimi."

"Wewe."

"Ndiyo, tata. Mimi."

Hapo mzee Anyosisye aligeuka. Winfrida anasema aligeuka taratibu, mabega kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu Ikupa aingie katika nyumba yake alimtazama usoni, naye Ikupa hakuinamisha macho.

"Basi ukisema fungua, nitafungua," mzee alisema kwa sauti ambayo hata walio nyuma waliisikia. "Nimeelewa. Niko tayari kusaidia."

"Ndaga, tata," Ikupa alishukuru, akasimama, akaenda kukagua mikanda ya safu inayofuata. Wahudumu waliweka milango tayari, wakakaguana, ndege ikapaa. Juu ya Iringa walipita kwenye msukosuko wa hewa, na mzee, Winfrida anasema, alikuwa ameushika ule mlango kwa macho kama mlinzi aliyeajiriwa.

Walipomaliza kugawa vinywaji Madam Loyce alimwita Ikupa jikoni nyuma.

"Yule mzee unamfahamu?"

"Ni baba mkwe wangu, madam." Akamweleza miiko, kwa kifupi.

Madam Loyce aliuliza, "Kwa nini hukuniambia? Ningekupanga mbele."

"Leo ungenipanga mbele, madam. Na siku ambayo wewe hupo?"

"Toroli umeliacha bila kufunga breki, safu ya tisa," Madam Loyce alisema. "Likitembea litamvunja mtu goti. Usirudie." Kisha akatia saini ya kumpitisha.

Habari ilifika Masoko kabla ya mzee mwenyewe, maana Winfrida ana simu. Mzee aliporudi kutoka kwenye mahafali alimkuta mdogo wake, Yohane, amekaa barazani akimsubiri, uso umekunjamana.

"Kaka, wanasema umezungumza na mkamwana hadharani. Uso kwa uso."

"Nimezungumza na mwenye ule mlango," mzee alijibu.

"Si ndiye huyohuyo?"

"Yohane, wewe umewahi kukaa pale? Hujakaa. Pale chini ya miguu yako kuna mawingu, na kuna mtu mmoja tu anayejua la kufanya. Ulitaka nimwambie asubiri, nimtafute mke wangu apeleke ujumbe?"

Mama Tulinagwe alicheka kule ndani. Yohane akajikuna kidevu. "Kwa hiyo miiko imekwisha?"

"Nani kasema imekwisha? Angani ni kazini kwake. Hapa ni nyumbani kwangu. Heshima iko palepale." Akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, "Debe la maji. Mlango ule una uzito wa debe la maji tu. Hata wewe ungeuweza."

Na kweli heshima imebaki palepale. Ikupa akiwa Masoko anajitanda kanga na kumpisha mzee kama zamani, na anafanya hivyo kwa furaha. Ila Jumapili moja alikuwa aingie zamu kutokea Songwe mchana, akapita kanisani asubuhi akiwa tayari amevaa sare. Watu walijaa uwanja wa kanisa baada ya ibada kumwangalia. Mzee Anyosisye alikuwa amesimama na wenzake karibu na mlango. Alipomwona anakuja aligeuka upande wa mashamba, mikono nyuma, kama inavyotakiwa.

"Mtazameni ninyi," aliwaambia. "Kisha mniambie."

"Sketi ni ya bluu, imepigwa pasi," Winfrida, aliyesimama karibu nao, alianza. "Skafu shingoni. Viatu vinang'aa."

"Nywele?"

"Amezifunga nyuma, hakuna hata moja iliyotoka."

"Na beji?"

"Mabawa ya dhahabu, upande wa kushoto kifuani. Jua limeyapiga, mzee, mpaka macho yanauma."

Mzee hakugeuka. "Endelea," alisema.