Sikuajiriwa Kuigiza Mtumwa

Uvumilivu uliniishia Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, saa nne asubuhi, nikiwa na burungutu la hema kichwani na tembe la kale nyuma yangu. Kiongozi wa watalii alikuwa amenivisha kamba shingoni. Sasa akaivuta, akaipitisha mabegani mwa mwanangu wa miezi tisa niliyembeba mgongoni, kisha akaniambia, "Sikitika kidogo, dada. Picha haichukui muda."

Nililiangusha lile hema juu ya viatu vyake. Nikaivua kamba, nikianzia mabegani mwa mtoto.

Mimi niliajiriwa kupika. Ulikuwa msafara wa magari matatu, mawili yenye mahema juu ya paa na moja kubwa lenye vitanda na jiko ndani, yakifuata njia ya zamani ya misafara kutoka Dodoma hadi Ujiji. Nilipanda Igunga. Tulipiga kambi kwenye uwanja wa shule, kwenye yadi ya misheni, popote penye maji na ruhusa. Walikubali nije na mtoto, na mwanamke anayenyonyesha huku akitafuta kazi anajua kibali hicho kina uzito gani. Kwa ajili yake nilinyamazia mambo mengi.

Dereva wa gari kubwa alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watu wetu ni watani tangu wapagazi wa kwetu walipokuwa wakipita kwao kwenda pwani. Kila asubuhi alinigongea sufuria.

"Mtumwa wangu, chai iko wapi?"

"Nangoja ufe, mtani, niinywee matangani kwako."

Kiongozi alitusikia, akacheka. Yeye ametokea Arusha, hana utani wowote na mimi. Lakini tulipofika Ziba aliniita mbele ya wageni, akanitwika gunia la mkaa, akawaeleza kwa Kiingereza kwamba hivi ndivyo watumwa wa Kinyamwezi walivyobeba pembe za ndovu. Wakapiga makofi. Nzega akarudia, na nilipolalamika akanijibu:

"Maigizo tu, dada. Mbona dereva akikuita mtumwa unacheka?"

Sijui mtu mzima anaelezwaje jambo kama hilo. Mtani akinitukana nami namtukana, na siku nikifiwa ndiye atakayeshika jembe makaburini. Halafu mimi nimefika kidato cha nne, na nyumbani tulisimuliwa: mpagazi wa Kinyamwezi alikwenda pwani kwa ujira na kwa hiari yake, na kijana ambaye hajaiona bahari alichekwa na wasichana. Watumwa nao walipita njia hiyohiyo, wamefungwa, na watoto wao. Hao si wa kuigizwa ili mtu apate picha ya kurudi nayo kwao.

Pale Kwihara mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliuliza nina nini. Kiongozi akamjibu kwamba jua limenizidi. Nikamgeukia yule mama mwenyewe, kwa Kiingereza changu kinachokwamakwama, nikamwambia sijachoka, na mwanangu si maonyesho. Akashusha kamera. Mwenzake alikuwa ameshapiga picha kabla sijaivua kamba.

Wakaniacha hapohapo na begi la nepi.

Wiki iliyofuata dada yangu alinionyesha simu yake. Ukurasa wa kampuni ya msafara: mwanangu, kamba mabegani, uso umekunjamana kwa kilio, na chini yake wameandika "kizazi cha watumwa". Nikampigia kiongozi.

"Futa."

"Dada, wageni wameipenda. Hata uso wako hauonekani vizuri."

"Na wa mtoto?"

"Ah, mtoto ni mtoto."

Akakata. Jioni akapiga dereva. "Mtani, mimi na mdomo wangu ndio tuliomzoesha yule." Sikumbembeleza. Nilimwambia kama ni hivyo awe shahidi, akakubali.

Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, afisa alisoma barua yangu ya kwanza, akaniambia nikatoe matusi. Nikaandika upya. Iliyogongwa muhuri inasema hivi:

"Nalalamika kwamba kampuni niliyoifanyia kazi ya upishi ilimfunga mwanangu kamba, ikaacha apigwe picha na kuitangaza bila idhini yangu. Mimi niliajiriwa kupika. Mtoto hakuajiriwa kabisa. Naomba kampuni iamriwe kuiondoa picha hiyo kila ilipoiweka, na initajie kwa maandishi kila mtu iliyempa. Shahidi wangu ni dereva wa msafara. Sitapokea radhi ya simu."