Mwendo wa Oyaro

"Mama Rael, kwani mzee wako alikuwa anafukuzwa na nani?"

Priscilla, jirani yake Orpah, ndiye aliyemuuliza hivyo siku kaseti ya video ya marehemu mumewe ilipochezwa mara ya kwanza hapa Ndhiwa, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Hata Rael, binti yake Orpah, alicheka, ingawa aliyechekwa ni babake. Orpah akatabasamu, akazima televisheni, akasema chai inapoa.

Oyaro, mumewe, alifariki mwaka wa sitini na tisa, Rael akiwa bado tumboni. Kilichobaki ni filamu ya mmishonari mmoja, dakika mbili tu, Oyaro akitoka kanisani siku ya Sabato. Orpah aliomba kitu kimoja kwa Mungu: binti yake aone jinsi babake alivyotembea. Watu walimwita Mosmos, yaani polepole kwa Kijaluo. Sasa huyu wa kwenye kaseti alikuwa anadonoadonoa ardhi kama kuku.

Orpah akairudisha Homa Bay kwa Walter, fundi wa video za harusi aliyeihamisha filamu hiyo kwenye kaseti.

"Mama, projekta niliyoazima inakimbia kuliko kamera iliyopiga hii kitu," Walter akamwambia. "Na kamera yenyewe ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa. Kasi yake siijui. Lakini nimeingiza picha kwa kompyuta, naweza kupunguza. Wewe ndiye ulimjua. Uniambie tu."

Orpah akavuta kiti, akaomba kimoyomoyo.

"Punguza."

Walter akapunguza.

"Bado."

"Mama, nikipunguza tena, huyu mzee atalala njiani."

"Punguza, mwanangu."

Ndipo Oyaro akatoka mlangoni, mguu mmoja ukingoja mwingine, bega likielemea upande. Machozi yakamtoka Orpah. "Huyo. Huyo ndiye."

Walter alikuwa anatazama pembeni mwa picha, pale mbuzi alipokuwa akiruka mtaro. Mbuzi alipanda, akakaa hewani kama aliyetundikwa, ndipo akashuka. Na pale mlangoni waumini walipeana mikono kama watu walio usingizini.

"Mama, mbuzi haruki hivyo."

Orpah aliona. Akakumbuka mwaka ule wa mwisho, Oyaro amevimba miguu, yeye akimshika mkono kwenda chooni na kurudi. Hata jina la Mosmos watu walimpa wakati huo. Filamu ilipigwa kabla ya ugonjwa.

Walter akaongeza kasi kidogo kidogo mpaka mbuzi akaruka kama mbuzi, na watu wakasalimiana kama watu.

"Hapo ni sawa kabisa," akasema.

Oyaro akatembea. Mwanamume mzima, mgongo umenyooka, Biblia kwapani, hana haraka wala uzito. Orpah alimtazama mara tatu. Mtu wa heshima zake. Lakini angepishana naye sokoni asingemwamkia.

Akafumba macho, akatafuta hata hatua moja ya Oyaro mzima. Haikuja. Kila alipomwita, alikuja yule wa miguu iliyovimba. Na Rael lazima angeuliza, "Mama, ni hivi alikuwa anatembea?"

"Sasa je, mama? Nirekodi hii?"

Orpah akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake.

"Walter, msimamishe pale mlangoni, kabla hajainua mguu. Unirekodie picha hiyo peke yake, nimpelekee Rael."