Shahidi wa Chumba Namba Saba

Shangazi yangu alikuwa karani wa masjala serikalini, na kwa miaka tisa alimchunguza kwa siri mwenzake wa meza ya pili, Bwana Kikohozi. Kila Ijumaa alimjazia mkubwa wao fomu: amechelewa, amesinzia, ameicheka barua ya mkubwa. Upuuzi mtupu! Tena fomu hiyo ya siri ilidai saini ya shahidi, na chumbani walikuwa wawili tu.

Basi kila mara shangazi aliifunika fomu kwa gazeti, akaacha wazi mstari wa saini tu.

"Nisainie hapa, kaka. Usisome, ni siri ya serikali."

"Hamna shida, dada." Bwana Kikohozi alisaini, kisha akatoa ya kwake, nayo imefunikwa. "Na wewe nisainie hapa."

Siku ya kustaafu, mkubwa alimfungulia shangazi jalada nene: makosa yake ya miaka tisa.

"Uongo!" shangazi alifoka. "Mimi nisinzie kazini?"

"Mama, shahidi amethibitisha kila ukurasa."

"Shahidi gani huyo mnafiki? Mlete hapa nimwone macho kwa macho!"

Mkubwa alikohoa kidogo, akamsogezea jalada, akaweka kidole kwenye saini.