Tepe Nyekundu Kwenye Mafunjo

Mara ya kwanza nilipomwona yule mwanamke, alikuwa amesimama juu ya ukuta wa bwawa letu akiandika kwenye daftari. Niliacha jembe katikati ya mahindi nikateremka. Kabla sijamfikia nilikuwa nimeshaona pia darubini iliyoning'inia shingoni mwake, na gari dogo lililobeba mitumbwi miwili ya plastiki, mmoja wa manjano na mwingine wa buluu, imefungwa juu kwa kamba.

Kilichonitoa shambani ni lile daftari. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya savea mmoja wa kujitegemea, mpima mashamba, mjini Bungoma, na vidole vyangu hivi vimechapa barua nyingi za watu kupoteza mashamba yao. Mambo hayo hayakuanza na tingatinga hata siku moja. Yalianza na mtu mpole aliyevaa gambuti, akizunguka na daftari na kuuliza maswali ya adabu: maji hufika wapi wakati wa mvua, nani hulisha upande ule, mzee wa hapa ni nani. Baada ya mwaka hivi ningeletewa karatasi za kuchapa, na wale waliojibu maswali hawamo.

Nilipoacha kazi nilihamia kwa mume wangu, upande wa Saboti, nje kidogo ya Kitale. Familia yake ilitoka Mkoa wa Kati, ikanunua shamba kubwa pamoja na familia nyingine, wakagawana. Bwawa, lililochimbwa na mlowezi wa zamani, halikugawanywa. Lilibaki la wote, na kamati ya kulitunza. Mume wangu alifariki, mimi nikabaki. Kwa hiyo nilimuuliza yule mwanamke kama mwenye haki ya kuuliza.

"Unaandika nini?"

"Ndege, mama."

"Ndege gani wa kuandikwa?"

Alicheka. Akanieleza kwamba yeye ni mwongozaji wa watalii. Huwachukua watu kutoka Kitale mjini, wengine wafanyakazi wa ofisi tu waliochoka na wiki, akawapakia kwenye ile mitumbwi na kuwapeleka polepole karibu na mafunjo kutazama ndege. Kamati ilikuwa imemkubalia. "Si unaona wale korongo?" akasema akinyoosha kidole. "Wanarara pale pale, hawatoki."

Wanarara, badala ya wanalala, kama tutamkavyo kwetu. Nilimgeukia. "Wewe ni wa wapi?"

"Sirisia, mama."

Sirisia ndiko nilikozaliwa. Moyo wangu ulipaswa kufurahi kukutana na mtu wa kwetu, lakini ulishuka. Kwenye kilima kizima mimi ndiye mke pekee aliyetoka Bungoma, na kwetu pale neno shamba likitajwa, watu hukumbuka haraka nani alitoka wapi. Kama huyu angekuja kuwa mtu wa kuchukua bwawa, ningeambiwa nimemleta mimi.

Haikuchukua wiki. Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene wa sauti ya chini, alinishika mkono nje ya kanisa.

"Ati yule wa mitumbwi ni mtu wako?"

"Simjui."

"Si mnaongea sawa?"

"Kuongea sawa si kujuana," nikasema. Kisha nikaongeza neno ambalo baadaye lilinirudia: "Hata mimi nasema achungwe. Anaandika sana."

Jirani yangu wa chini, mzee mwenye ng'ombe watano, rafiki wa marehemu mume wangu, ndiye peke yake ambaye hakuona shida. "Wacha aangalie ndege, shemeji," aliniambia. "Kuangalia kunamaliza nini?" Ng'ombe wake walikunywa maji bwawani kila siku, na yule mwanamke alikuwa akimsalimia kila alipopita.

Mimi niliamua kujionea. Nilimwomba anipeleke majini, akakubali mara moja, na hata wepesi huo niliutilia shaka. Alinivisha jaketi la kuelea, akanikalisha mbele, yeye akakaa nyuma na kasia. Mtumbwi ule ni mfupi na umelala chini sana. Unajiona umeketi ndani ya maji kabisa. Nilishika kingo kwa mikono miwili. Miaka yote nimechota maji pale na kufua pale, lakini sikuwahi kuliona bwawa kutoka katikati. Niliona paa la jiko langu kule juu, dogo kama kifuniko. Mdiria alitua kwenye tete, akatutazama, akajitupa majini na kutoka na kisamaki. Ndege mmoja wa rangi ya kahawia mwenye vidole virefu ajabu alitembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Nilisahau kwa muda nilichoendea.

Kisha nikamsikia nyuma yangu akigusa simu.

"Unafanya nini?"

"Naweka mahali nimemwona huyu. Inaingia kwa ramani."

Ramani. Mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Nilianza kuuliza: ramani inaenda wapi, nani anaiona, kwa nini asiandike tu ndege na kuacha mahali. Alijibu machache, na kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia. Tulipokaribia kona ya mashariki, ambako mafunjo ni mazito, aligeuza mtumbwi.

"Na kule?"

"Huko hatuendi."

"Kwa nini?"

"Hatuendi tu, mama."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika. Siku chache baadaye nikiwa ukutani niliona vijiti vinne vimechomekwa kwenye ile kona, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu. Mtu ambaye hakufanya kazi nilikofanya angeona mapambo. Mimi niliona mstari wa savea. Ndivyo walivyofanya siku zote, vijiti na tepe kwanza, bikoni za saruji za mpaka baadaye.

Asubuhi iliyofuata, ukungu haujaondoka, nilivaa gambuti za marehemu nikaingia kwenye tope. Lilinifika mapajani. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamepita ukingoni, alama za kwato zao zimejaa maji, nikazifuata ili nyayo zangu zisionekane sana. Ndiyo, nilifikiria hilo, na silifichi. Korongo wawili wakubwa, wale wenye taji la dhahabu kichwani, waliruka mbele yangu wakipiga kelele, wakatua karibu, wakawa wanatembea huku na huku wakipanua mabawa. Niliona ni ndege waliogutushwa tu. Niling'oa vijiti vyote vinne. Tepe nikazichoma jikoni, zikanuka plastiki mpaka chai ikanishinda.

Jumamosi wageni walikuja. Mwongozaji alikuwa kwenye mtumbwi wa buluu na mama mmoja aliyeogopa maji. Wawili wengine walitangulia na ule wa manjano. Yeye alikuwa amewaambia wasivuke tepe nyekundu. Hawakuona utepe wowote, wakaingia mpaka ndani ya mafunjo, mpaka kwenye kiota cha wale korongo, wakakaa pale wakipiga picha. Nilikuwa ukutani nikiona yote bila kuelewa ninachokiona. Nilimsikia mwongozaji akipaza sauti, "Rudini! Rudini nyuma!" Korongo walikaa mbali mchana wote. Kunguru hawakukaa mbali. Jioni, mayai matatu yalikuwa yameliwa.

Mwongozaji alikwenda kwa mwenyekiti, na kamati ikaitwa chini ya kibanda cha kukusanyia maziwa. Alisema mtu ameng'oa alama zake. Alisema amekwenda kutazama, na kwenye tope kuna alama za kwato tu. Macho yote yakaenda kwa jirani yangu.

"Ng'ombe wangu hawali tepe," mzee akasema.

Hakuna aliyecheka. Walisema labda aliwaacha wakaingia ndani, wakaviangusha vijiti, na yeye akanyamaza. Ikaamuliwa ng'ombe wake wasikanyage bwawani mpaka ndege wale watulie. Mzee alisimama, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pili.

Siku nane nilinyamaza. Nilijiambia kwamba nikisema, watanigeukia mimi na asili yangu. Nilijiambia pia kwamba habari ya kiota huenda ni uongo wa kufunikia bikoni. Kila asubuhi nilimsikia mzee akiwapitisha ng'ombe kando ya ua wangu kuelekea kijito cha mbali, kwenye mteremko ambao wakati wa mvua ni sabuni. Siku ya tisa nilimkuta njiani, mkono wake wa kushoto umefungwa shingoni kwa leso ya mkewe. Alikuwa ameteleza.

"Shemeji," akasema, "wewe unajua mimi sikung'oa vile vijiti."

"Najua."

Alinitazama. "Unajuaje?"

Ng'ombe walisimama nyuma yake wakitafuna. Ningeweza kusema najua kwa sababu najua tabia yako. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nikashindwa kulitoa.

"Ni mimi," nikamwambia.

Alirekebisha leso ya mkono wake. Nilitamani anitukane. Mwisho akasema, "Basi usiniambie mimi. Kawaambie wale," akapiga mluzi, ng'ombe wakaanza kwenda.

Kamati ilikutana tena kwa ombi langu. Nilisimama nikasema yote: ofisi ya savea, vijiti, kwato nilizozifuata, moshi wa plastiki. Mwenyekiti alitikisa kichwa.

"Na wewe ndiye ulituambia tumchunge mgeni."

"Ni mimi."

Mwongozaji alikuwa amekaa pembeni, makasia yake miguuni. "Mama, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Uliniambia huko hatuendi."

"Kweli," akasema. Kisha akaeleza polepole kwamba vifaranga vya korongo huibwa na kuuzwa kwa watu wanaopenda kuwafuga uani. Mwaka uliopita, kwenye bwawa moja upande wa Bungoma, alimwonyesha kiota mtu mwema sana aliyependa kuuliza, na wiki hiyo hiyo kiota kikawa kitupu. Tangu hapo hamwambii mtu.

Mwenyekiti alisema maneno yameisha, sasa tuone hilo daftari. Mwongozaji alilitoa bila kusita. Kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea karatasi, nikaambiwa nisome kwa sauti. Nilisoma kurasa na kurasa: yangeyange, mdiria, kwarara, saa, hali ya hewa, idadi. Nilitafuta namba za mashamba, vipimo, majina ya wenye ardhi. Hayakuwepo. Nikafika siku niliyopanda mtumbwi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza sentensi, nikaisoma mpaka mwisho: "Mama wa juu. Anauliza sana kuhusu kona. Asionyeshwe."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na wengine wakafuata. Mwongozaji alijifunika uso kwa kiganja. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeandikwa kama nilivyokuwa nikiwaandika wengine moyoni mwangu.

Ng'ombe wa mzee walirudi bwawani siku hiyo hiyo. Ikakubaliwa kwamba alama yoyote ikiwekwa, kamati ielezwe maana yake. Mimi nilikwenda kwa mzee kesho yake alfajiri, nikachukua ndoo, nikaanza kumkamulia. Mkewe alinipisha, miguu yake haikumruhusu kuchuchumaa. Mzee alikaa kwenye gogo karibu na boma, mkono shingoni, hakunisemesha neno. Nilikamua hivyo mpaka mkono ulipopona, na siku ya mwisho alisema tu, "Huyu mweusi ukimvuta hivyo anaficha maziwa, shemeji." Nilifurahi kuliko kama angeniambia amenisamehe.

Mvua zilizofuata korongo wakarudi. Nilijua kwa sababu ya sauti zao, na kwa sababu mwongozaji alianza kuipitisha mitumbwi njia ya mbali. Safari hii hakukuwa na vijiti. Aliwaambia watu wawili tu mahali kiota kilipo, mwenyekiti na mzee. Nilimuuliza mzee siku moja tukiwa ukutani, nikijaribu kuifanya sauti yangu iwe ya kawaida.

"Wametagia wapi mwaka huu?"

Aliangalia maji. "Kamuulize mwenyewe, shemeji."

Sikumuuliza mwongozaji. Nilijua angenijibu nini, na nilijua ana haki.